Nyoka wa Usiku, na Joto la Wanyama Watambaao



Imetufikia barua kutoka Garissa, kwa mmoja wa wale waliosoma nasi katika darasa letu, ambaye sasa yuko huko kwa kazi ya biashara. Barua yenyewe ni ndefu na maamkizi yake ni mengi, lakini kiini chake ni hiki. Mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijafika, mtoto wa jirani yake, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alitoka usiku bila ya taa kwenda chooni uani. Alikanyaga kitu laini, akaumwa mguuni. Taa ilipoletwa hapakuonekana kitu. Wazee wa nyumba wakakaa wakashauriana, na mmoja wao akasema: "Nyoka ni mnyama wa damu baridi. Bila ya jua hana nguvu, na usiku hulala. Mchana kutwa hapa hapakuonekana nyoka. Basi huyu aliyetoka usiku si nyoka wa kawaida, bali ni kitu kilichotumwa."

Neno hilo likakubaliwa. Akaitwa mtu wa hirizi, likawekwa jiwe jeusi juu ya jeraha, mguu ukafungwa kamba, na usiku wote ukapita hivyo. Mtoto hakufikishwa hospitali ila siku ya pili baada ya adhuhuri, na mguu umekwisha kuvimba mpaka pajani. Alipona, na twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Lakini alikatwa vidole viwili, na mpaka leo huchechemea.

Ndugu yetu auliza: Je, yale maneno ya mzee yana asili yoyote katika ilimu? Tumeona kwamba jawabu hili lisiende kwa mtu mmoja tu, bali lisomwe na wote, kwani dhana kama hiyo haiko Garissa peke yake. Iko Lamu, iko Malindi, na iko Mombasa.

Maana ya "damu baridi"

Kosa la yule mzee si la kuchekwa. Alilichukua jina, akatoa hukumu kutokana na jina, wala hakuuliza kama jina lenyewe ni sawa. Na jina hili la "damu baridi" limewapoteza wengi waliosoma kuliko yeye.

Mwanadamu, ng'ombe, mbuzi na kuku wana mfano wa tanuri ndani ya miili yao. Chakula wanachokula huungua polepole humo, na joto lake huwatosha. Kwa hivyo joto la mtu mzima wa afya ni kiasi cha digrii 37, akiwa Lamu katika kaskazi au akiwa Limuru katika baridi ya Julai. Ama nyoka, mjusi, kenge, kobe na mamba, joto wanalolifanya ndani ni dogo, wala halikai. Wao huliazima kutoka nje: katika jua, katika jiwe, katika mchanga na katika maji. Tofauti basi iko katika mahali joto linapotoka, si katika ubaridi wa damu. Mjusi aliyelala juu ya jiwe saa nne ya asubuhi huenda damu yake ikawa na digrii 36 au 37, sawasawa na damu ya mtu anayemtazama.

Katika mwaka 1944 wataalamu wawili wa Marekani, Raymond Cowles na Charles Bogert, walitoa khabari za uchunguzi wao juu ya watambaao wa jangwani. Waliwapima joto la miili yao, wakaona jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Wanyama hawa hawafuati tu joto la hewa, likipanda wakapanda na likishuka wakashuka. Kila aina ina kiasi chake cha joto inachokipenda, na hukilinda kiasi hicho kwa mwendo wake: kwenda juani, kurudi kivulini, kuingia shimoni, kutoka tena. Tangu hapo jina la "damu baridi" limeachwa na wajuzi, ijapokuwa ndimi za watu hazijaliacha.

Mtu atauliza: Kuna faida gani kuazima, na mwenye tanuri yake hahitaji kumwomba mtu? Faida iko katika chakula. Mwenye tanuri hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kuuchochea moto tu. Mtambaao wa uzito ule ule hutosheka na sehemu moja katika kumi, au pungufu ya hapo. Garissa mvua ya mwaka mzima ni yapata milimita 300 hivi, hali Mombasa hupata zaidi ya 1,000. Katika nchi ya namna hiyo, mnyama awezaye kukaa wiki nyingi bila ya kula ana njia ya kuishi ambayo mbuzi hana.

Wala tusidhani kwamba baina ya makundi haya mawili pana ukuta. Ngamia, ambaye ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera wamjua kuliko sisi watu wa pwani, ana tanuri ndani. Lakini Knut Schmidt-Nielsen, aliyemchunguza katika Sahara ya Algeria katika miaka ya 1950, aliona kwamba ngamia mwenye kiu huliacha joto la mwili wake lishuke mpaka kiasi cha digrii 34 alfajiri, kisha lipande kupita 40 alasiri, ili asipoteze maji kwa kutoka jasho. Na chini ya ardhi ya nchi hiyo hiyo yuko fuko asiye na manyoya, anyonyeshaye watoto kama wanyonyeshao wote, lakini joto lake hufuata joto la mashimo yake. Akipata baridi huenda katika njia zilizo karibu na uso wa ardhi, au hujikunyata pamoja na wenzake. Basi viumbe wana njia nyingi, na majina yetu ni machache.

Kazi ya mchana kutwa

Tumwangalie mjusi wa mawe, yule ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu. Asubuhi hutoka polepole, kwani miguu yake bado ni mizito. Huugeuza ubavu wake kuelekea jua na kujibana chini juu ya jiwe lililoanza kupata moto, ili apate joto la juu na la chini pamoja. Kinyonga naye huufanya mweusi upande wake wa jua, kwani rangi nyeusi hunywa joto zaidi. Na jua likipanda huwa mweupe ili alirudishe. Wale wanaomrushia mawe kwa kusema kwamba kubadilika kwake ni uchawi, wajue kwamba moja katika sababu zake ni hii: ajivika na kujivua, kama mtu avaavyo koti asubuhi na kulivua mchana.

Hata ndani ya mwili iko kazi. Mjusi anapoota jua, moyo wake hupiga haraka na damu hupita kwa wingi chini ya ngozi, ili ilibebe joto kulipeleka ndani. Anapoingia kivulini, moyo hupunguza mwendo, na joto hutoka polepole kuliko lilivyoingia.

Jua likiwa kali zaidi, kazi hugeuka. Mchanga mkavu uliopigwa na jua la adhuhuri huweza kufika digrii 60, na watambaao wengi hufa mwili ukipita 45 hivi. Basi mjusi huinua kifua, hupanda mti apate upepo, au huingia shimoni. Kenge hufungua kinywa na kuitikisa ngozi ya koo, ili unyevu ukauke na kuchukua joto. Kobe hujificha chini ya kichaka, na baadhi ya kobe wakizidiwa hujipaka mate kichwani na shingoni kwa sababu hiyo hiyo.

La ajabu zaidi ni khabari ya mgonjwa. Sisi tukiugua, mwili hupandisha homa wenyewe. Mjusi hana tanuri, basi atapataje homa? Michael Kluger na wenzake huko Marekani, katika miaka ya 1974 na 1975, waliwatia vijidudu mijusi wa jangwani, wakaona kwamba mijusi hao huenda wenyewe mahali pa moto zaidi kuliko desturi yao. Na waliowekwa penye moto walipona wengi kuliko waliowekwa penye baridi. Mjusi mgonjwa huifuata homa kwa miguu yake.

Kwa nini nyoka hutoka usiku

Sasa turejee kwa mtoto wa Garissa.

Mji wa Garissa uko chini, kiasi cha mita 150 tu juu ya bahari, na karibu mno na ikweta. Mwezi wa Februari na Machi hewa ya mchana hufika digrii 35 na kupita, na ardhi huwa moto kuliko hewa. Mjusi aweza kuinua kifua chake; nyoka hawezi, kwani mwili wake wote uko chini. Nyoka akikaa juu ya mchanga ule saa sita ya mchana atakufa kwa muda mchache. Basi mchana huo yuko wapi? Yuko katika shimo la panya, chini ya kichaka, chini ya rundo la kuni, au ubavuni mwa mtungi wa maji. Kutoonekana kwake si dalili ya kutokuwapo.

Jua likitua, ardhi huanza kulirudisha joto iliyolikusanya. Usiku wa Garissa wakati huo hewa haishuki sana, na mchanga na kuta hubaki na uvuguvugu kwa muda mrefu. Joto hilo lamtosha nyoka kutembea, kuwinda na kuuma. Kwa hakika huo ndio wakati wake bora, kwani panya nao wametoka.

Maneno ya yule mzee yangekuwa karibu na haki lau angalikuwa Nyahururu, juu ya mlima, ambako usiku ni baridi kweli na mtambaao hungoja jua. Kosa lake ni kwamba aliichukua kanuni ya nchi ya baridi akaihukumia nchi ya joto. Kanuni haikuwa "nyoka hulala usiku". Kanuni ni "nyoka hutoka saa inayomfaa joto lake". Na saa hiyo, Garissa katika mwezi wa Machi, ni usiku.

Kwa sifa alizoziandika ndugu yetu, yaani kitu laini kilichokanyagwa, na uvimbe uliopanda mguu mzima, twadhani aliyemuuma ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma. Huyu ni mnene, mzito, na tabia yake ni kutulia palepale akitegemea rangi yake imfiche. Hakimbii mtu anapomkaribia, na kwa hivyo hukanyagwa. Sumu yake huvimbisha na kuoza nyama. Wako na wengine wa usiku: yule mdogo wa nchi kavu za kaskazini ambaye husugua magamba yake yakatoa sauti kama ya kukaanga, na swila wa kutema mate, ambaye aina yake moja kubwa ilitambuliwa na wataalamu katika mwaka 1907 na mia moja zaidi, yaani 2007, ikapewa jina la James Ashe, aliyeanzisha nyumba ya nyoka ya Watamu. Hawa wote wajulikana, wamepimwa na wameandikwa. Hapana hata mmoja aliyetumwa.

Mamba wa Mto Tana

Haifai kuitaja Garissa tusiutaje mto wake. Wamunyoyaya, Wamalakote na wengine wanaokaa kando ya Tana wamjua mamba kwa msiba, si kwa kitabu. Asubuhi huonekana amelala ukingoni, kinywa wazi. Watu husema amelala usingizi, au hana njaa. Hugh Cott, aliyewachunguza mamba wa Uganda na kutoa khabari zao katika mwaka 1961, alieleza mwenendo wao wa siku: asubuhi hutoka majini kuota jua, mchana hurudi majini au kivulini, alasiri hutoka tena, na usiku huwa majini. Kufungua kinywa mchana humsaidia kupoa, kwani unyevu wa kinywa hukauka. Lakini si sababu pekee, kwa kuwa ameonekana akifungua kinywa hata usiku na hata penye mvua.

Jambo la kushikwa ni hili. Kikombe cha kahawa hupoa kabla hujamaliza mazungumzo, na sufuria la pilau la arusi hubaki na moto mpaka usiku. Vivyo hivyo mjusi mdogo hupoa mara moja, na mamba mkubwa huihifadhi harara ya mchana ndani ya mwili wake kwa muda mrefu, na maji ya mto wa nchi ya joto nayo hayapoi upesi kama hewa. Basi atakaye kuteka maji magharibi kwa kudhani kwamba jua limekwenda na mamba amelegea, ajue kwamba mamba yu tayari kuliko yeye. Wala asubuhi si amani, kwani anayeota jua ukingoni si yeye peke yake aliye mtoni. Usalama hauko katika saa. Uko katika kuteka maji kwa bomba au kisima panapowezekana, na penye mto, kuzungushia boma la miti mahali pa kuteka na kutowapeleka watoto peke yao.

Mayai na joto

Joto kwa wanyama hawa haliamui tu saa ya kutoka. Kwa baadhi yao huamua mtoto atakuwa dume au jike. Mayai ya mamba hukaa mchangani kiasi cha miezi mitatu. Yakiwa katika joto la digrii 31 au chini yake, hutoka majike. Yakikaribia 34, hutoka madume kwa wingi. Kasa wa baharini, anayetaga katika fuo zetu za Kiunga na Lamu, ni kinyume: mchanga wa joto hutoa majike, na wa baridi hutoa madume, na mpaka wake ni kama digrii 29.

Hapa pana la kutia fikira. Dunia inazidi kupata joto. Katika mwaka 2018 wataalamu walitoa khabari kwamba upande wa kaskazini wa Great Barrier Reef, huko Australia, kasa wachanga wanaotoka katika fuo zenye joto walikuwa majike zaidi ya 99 katika mia. Na mwaka 2010 Barry Sinervo na wenzake walieleza kwamba huko Mexico, kati ya makundi ya mijusi waliyoyafuatilia, 12 katika mia yalikuwa yametoweka tangu mwaka 1975. Hawakuunguzwa na jua. Saa za kujificha ziliongezeka, saa za kula zikapungua, na majike hawakupata chakula cha kutosha kuzalia. Mwenye kuazima joto hana pa kulirudisha likizidi.

La kufanya

Ndugu zetu, ilimu isiyomfikia mtoto aliye uani usiku haikufika. Basi tushike haya.

Kwanza, katika nchi ya joto usiku ni wakati wa nyoka. Asitoke mtu bila ya taa na viatu, hata kama ni hatua kumi.

Pili, nyumba isizungukwe na marundo ya kuni, mawe na takataka, kwani hizo ndizo nyumba zake za mchana. Na panya wapigwe vita, kwani ndio chakula chake.

Tatu, akiumwa mtu, atulizwe na alazwe. Avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Mguu au mkono utulizwe kwa kipande cha ubao kama uliovunjika, asitembezwe, na apelekwe hospitali saa ile ile. Asikatwe kwa wembe, jeraha lisinyonywe, mguu usifungwe kamba ya kukaza, wala lisiwekwe jiwe jeusi. Jiwe hilo halivuti sumu. Huvuta wakati, na wakati ndio dawa ya kwanza. Dawa ya kuivunja sumu iko hospitalini, na Shirika la Afya Duniani lililiingiza jambo la kuumwa na nyoka, katika mwaka 2017, miongoni mwa maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Nne, tusimuue mjusi na kinyonga kwa dhana tu. Hawana sumu, na wadudu wanaowala ni wale wale wanaotusumbua.

Kwa ndugu yetu wa Garissa twasema: msomee yule mzee maneno haya kwa upole, na mbele ya watu wake usimwaibishe. Yeye hakutaka ila kheri kwa mtoto. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni kuuliza kabla ya kuhukumu. Na katika hilo, ni wangapi kati yetu walio salama?